Waache walale kwanza

Wete, Pemba

Mwanangu,

Wa alaikum salaam. Ujumbe wako nimeusoma mwenyewe, miwani ninayo. Unasema wanajeshi walioletwa wodini kwako, wale waliorudi Kongo, wanalala mno, hata ambao majeraha yao yameshafunga. Ukiwapelekea dawa wanafumbua jicho moja, wanameza, wanageukia ukutani. Matroni wenu anasema ni uvivu. Usimwambie kama nimesema, lakini hajui alisemalo.

Mimi nililetwa hospitali ya jeshi Lugalo, Dar es Salaam, mwaka 1979, na kigae cha kombora begani. Nilikipata Lukaya, huko Uganda, mwezi wa Machi, pale barabara inapopita katikati ya kinamasi, tulipopambana na majeshi ya Amin na Walibya waliokuja kumsaidia. Habari za mapigano yenyewe umeshazisikia kila Idi kwa ami zako, nyengine zimetiwa chumvi, siziongezi. Wasichokusimulia ni miguu. Kutoka Mutukula mpakani mpaka Masaka, na Masaka kwenda mbele, askari wa miguu tulikwenda kwa miguu kweli, mzigo mgongoni, mvua juu. Usiku unajinyoosha na buti zako, bunduki umeikumbatia, sikio moja liko macho. Miezi yote ile mtu anasinzia tu, halali.

Kabla ya Lugalo nilipitishwa hospitali Bukoba. Bega lilikuwa limeshafungwa huko nyuma, buti hakuna aliyeshughulika nazo. Akaja muuguzi mmoja wa makamo, mtu wa bara, akazivua. Soksi zilikuwa zimegandana na ngozi. Akaleta beseni la maji ya vuguvugu, akairowesha miguu yangu, akawa anazibandua taratibu, kidole kwa kidole. Hakuziba pua wala hakuniuliza vita vikoje. Mguu wa pili hata sijui aliumaliza saa ngapi, nilikuwa nimeshalala.

Lugalo ndiko nilikopumzika hasa. Mashuka mawili meupe yaliyopigwa pasi, uji asubuhi, chai saa nne, na mtu mwengine ndiye anayekesha lindoni. Hilo la lindo ndilo kubwa kuliko yote. Kuna Mmakunduchi mmoja tulikuwa naye, akapona mkono mapema, tukachimba mashimo 32 ya bao chini ya mwembe, watoto wa kambini wakatuokotea komwe za kuchezea ufukweni Kawe. Namua, ile sehemu ya kwanza ya kuingiza kete, alikuwa akiicheza vizuri, sikatai, lakini ukifika mtaji, kete zote zikishaingia, anapotea. Waunguja bwana! Tukicheza mpaka adhana ya magharibi, na kigomvi chetu kilikuwa juu ya nyumba yake, lile shimo kuu la bao. Hapo ndipo niliposikia tena kicheko changu mwenyewe.

Tarehe 11 Aprili redio ikatangaza Kampala imeingiwa. Wodi nzima ikalipuka, wenye magongo wakayanyanyua juu, mmoja akacheza ngoma na chupa ya dripu mkononi. Jirani yangu wa kitanda, mtu wa Mara, aliyekuwa na sisi tangu Mutukula, akatoa kichwa ndani ya shuka na kusema, "Jamani, punguzeni hiyo redio." Akajifunika. Wengine walimwona mtu wa ajabu. Mimi nilimwelewa.

Basi wako usiwaamshe kwa ajili ya kutandika kitanda, na ufagio upite baadaye. Dakta akiamuru mtu atembezwe, mtembeze, hapo sina neno, mimi si dakta. Lakini tazama pia, maana kuna usingizi mwengine. Wodini petu alikuwepo kijana akilala mchana kutwa kwa sababu usiku alikuwa akipiga kelele, na chakula chake kilikuwa kinarudi jikoni kama kilivyokuja. Sisi tulimdhihaki tu, kisha akahamishwa. Nyinyi mmeyasomea haya, mnao na watu wake. Anayelala akaamka akauliza chakula kiko wapi, huyo anapona. Asiyeuliza, mwambie dakta siku hiyo hiyo, usingoje zamu ya pili.

Yule wa kitanda cha dirishani unayesema hazungumzi na mtu, usimuulize Kongo. Muulize kwao wapi, na kama anajua bao. La kwangu lipo stoo halina kazi tangu ami yako macho yamemshinda, nitampa mtu wa boti Mkoani akuletee. Kete zihesabu mbele yake kabla hajaondoka, ziwe 64 kamili, na mfuko wa karafuu ndani ni wa mama yako mdogo, usiufungue.

Babaako