Za nyuma fanya mwenyewe, za mbele ngoja kwanza

Swahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeipata, nikacheka peke yangu, maana nakujua: ukishasema "nitafanya mwenyewe" hakuna wa kukurudisha nyuma. Unasema umeambiwa shokapu zote nne zimekwisha, unataka kuzibadilisha zote kwa Jumamosi moja, na kazi kubwa uliyowahi kuifanya kwenye gari ni kubadilisha tairi. Jibu langu ni hili: mbili za nyuma fanya, tena kwa raha zako. Mbili za mbele usiziguse kwa namna ulivyoniandikia.

Ila kabla ya kununua chochote, hakikisha kweli zimekwisha. Mtu akikwambia zote nne zimekufa bila hata kuinama chini ya gari, muulize amejuaje. Inama wewe mwenyewe na tochi, utazame mwili wa kila shokapu. Unyevunyevu mwembamba wa oili ulioshika vumbi karibu na sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, si jambo la kukutisha. Shokapu iliyolowa, oili ikiwa imechuruzika mpaka chini, hiyo ndiyo imekwisha. Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi pia. Ukikuta mabondemabonde yanayofuatana, huenda gurudumu limekuwa likirukaruka barabarani. Lile jaribio la kubonyeza kona ya gari kisha kuiachia mimi naliamini nusu tu. Gari likiendelea kunesa baada ya kuachiwa, tatizo lipo. Lakini likitulia mara moja usishangilie, kwa sababu mkono wa mtu hausukumi kwa kasi ambayo shimo la barabarani husukuma. Sikiliza zaidi gari lenyewe ukiwa safarini: pua inazama mno ukikanyaga breki, mwili unalala kwenye kona, ukivuka tuta linaendelea kupanda na kushuka. Huo mlio wa "ko-ko-ko" uliouandika, peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Mara nyingi ni linki ya stabilaiza (kifimbo kinachounganisha gurudumu na chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona) au bushi (kipande cha mpira kwenye maungio) iliyochoka, vitu vidogo tu, na shokapu nzima zinatupwa bure kwa kusingiziwa.

Sasa nikueleze kwa nini nakutenganishia mbele na nyuma. Shokapu haibebi uzito wa gari. Uzito unabebwa na springi. Springi ikishabonyea na kuachia, ikiachwa ingeendelea kucheza, na kazi ya shokapu ni kuutuliza mchezo huo. Ndani yake ni kama pampu ya baiskeli iliyojazwa oili badala ya hewa: pistoni inapanda na kushuka, oili inalazimishwa kupenya kwenye vitundu na vali ndogo, na ile nguvu ya kunesa inaishia kuwa joto. Ukitoka kwenye barabara mbovu ukaigusa, utaikuta ina moto. Nyingi za siku hizi zimetiwa na gesi ya naitrojeni ili oili isifanye povu. Kwa hiyo ukiona springi, jua mzigo uko pale, na hatari iko pale pale.

Kwenye magari mengi madogo, nyuma springi inakaa peke yake na shokapu peke yake. Unafungua boliti ya chini, unafungua nati ya juu, shokapu inatoka mkononi mwako. Mbele ni habari nyingine. Springi imevikwa kwenye shokapu yenyewe, imebanwa kati ya sahani mbili, na kinachoizuia isifyatuke ni nati moja iliyo katikati kabisa ya juu, ile unayoiona ukifungua boneti. Mfumo huu unaitwa MacPherson, jina la mhandisi Mmarekani aliyeubuni miaka ya 1940, na umeenea kwa sababu ni rahisi kutengeneza na haumalizi nafasi. Lakini nati ile ya katikati ikifunguliwa springi ikiwa haijabanwa kwa kibanio, kila kilicho juu yake kinaruka kwa nguvu ya kuvunja taya. Sikutishi ovyo, ndivyo watu wanavyoumia kwenye kazi hii. Vipo vibanio vya springi vya kufunga kwa mkono, na mafundi wazoefu huvitumia, lakini kibanio dhaifu huteleza, na anayeanza hajui bado kuona kwamba kimekaa vibaya. Wewe usianze na hicho.

Na hata huko nyuma usiniamini mimi, amini macho yako. Yapo magari ambayo springi imevikwa kwenye shokapu za nyuma pia. Ukikuta hivyo, yote niliyosema kuhusu mbele yanahamia nyuma. Na kama gari lina mifuko ya hewa badala ya springi, au shokapu zenye waya wa umeme, acha kabisa.

Tuseme nyuma ni ya kawaida. Nunua kwa pea, kushoto na kulia, hata kama inayovuja ni moja. Mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili zinalifanya gari likae vibaya kwenye kona na kwenye breki. Nunua pamoja na stopa za mpira, kava za vumbi na nati mpya za kujifunga, zile zenye plastiki ndani, kwa sababu ya zamani ikishafunguliwa haishiki tena kama mwanzo. Soketi za 14, 17 na 19 ndizo zinazotakiwa sana kwenye magari ya Kijapani, na 21 kwa nati za tairi. Tafuta na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hata ya kuazima. Jeki mbili, stendi mbili imara za kulishikilia gari likiwa juu, brashi ya waya, nyundo. Usiku wa kuamkia kazi, sugua kutu kwenye boliti zote utakazofungua, uzipulizie oili ya kulegeza kutu, ukalale. Usiku huo mmoja utakupunguzia nusu ya jasho.

Chagua mahali palipo sawa na pagumu, saruji au lami, usifanye kwenye udongo. Hapa kuna jambo ambalo wanaoanza hawalifikirii: hendibreki kwenye magari mengi inashika matairi ya nyuma, na hayo ndiyo unayoyainua. Yakishakuwa hewani, hendibreki haizuii tena chochote. Kwa hiyo zuia matairi ya mbele kwa mbao, mbele na nyuma ya kila tairi, uache na gia ndani. Legeza nati za tairi kabla ya kuinua. Inua pale ambapo kitabu cha gari kimeonyesha, weka stendi, shusha uzito ukae kwenye stendi, kisha lisukume gari kwa mkono uone kama limetulia. Kuingiza hata mkono chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hapana. Ukilazimika kuchagua kati ya stendi na shokapu kwa fedha uliyo nayo, nunua stendi, shokapu zitangoja.

Jeki ya pili iweke chini ya ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu, uinue mpaka uguse tu. Kwenye magari mengi shokapu ndiyo pia inayouzuia mkono usishuke kupita kiasi. Ukiitoa bila kuegemeza, mkono unaporomoka, mpira wa breki (bomba linalopitisha mafuta ya breki) unavutika, na springi inaweza kutoka mahali pake. Fanya upande mmoja mpaka mwisho ndipo uhamie wa pili. Upande ambao hujaugusa ndio kielelezo chako ukisahau washa ipi ilitangulia.

Nati ya juu, kama gari lako ni saluni, huenda ikawa imejificha ndani ya buti, nyuma ya kapeti. Itakuudhi. Ukiizungusha, fimbo ya shokapu nayo inazunguka. Kwenye ncha ya fimbo utaona tundu la ufunguo wa aleni au pande mbili bapa: ishike hapo, uzungushe nati kwa spana. Ile ya zamani hata ukiibana kwa plaizi hakuna hasara, inaenda kutupwa. Mpya usithubutu kuishika fimbo kwa plaizi. Mkwaruzo mmoja unakata sili, na baada ya muda mfupi oili inaanza kutoka.

Mpya nayo isimamishe wima kama itakavyokaa garini, uibonyeze mpaka chini na kuiachia mara kadhaa, mpaka uhisi inakwenda kwa uzito ule ule bila kuruka. Dukani huwa zimelazwa, na gesi huingia mahali pa oili. Kisha usiilaze tena. Kama imefungwa kwa ukanda, ujue ukiukata itajinyoosha yenyewe. Shikiza juu kwanza, ndipo ukate. Boliti ya chini ikikataa kuingia, inua au shusha jeki ya pili kidogo kidogo mpaka matundu yakutane. Usitumie nyundo kulazimisha.

Sasa niruhusu nikae kidogo hapa, maana hapa hata mafundi wengine huruka. Boliti ya chini inapita kwenye bushi ya mpira. Bushi ile haizunguki kwenye boliti. Mpira wake ndio unaojipinda. Ukikaza kabisa wakati gurudumu linaning'inia, umeufunga mpira katika hali hiyo, na siku utakaposhusha gari utajipinda kupita kiasi na kubaki hivyo maisha yake yote. Hauchukui muda kuchanika. Kwa hiyo kabla ya kuinua gari, pima kwa futi umbali kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa fenda juu yake, uandike. Ukishafunga shokapu, kaza boliti kwa mkono tu. Kisha inua ule mkono kwa jeki ya pili mpaka kipimo kikaribie kile ulichoandika, na hapo ndipo ukaze kwa toki iliyoandikwa kitabuni. Ukiona gari linataka kunyanyuka kwenye stendi, simama, teremsha kidogo, kaza hapo. Kama gari lako lina nafasi ya kutosha kufikia boliti likiwa limesimama kwa matairi yake, ni bora zaidi.

Tairi rudisha, nati kaza kwa kupishana kama nyota, umalizie kwa toki gari likiwa chini. Magari mengi madogo yanataka karibu niutoni-mita 100, lakini namba ya gari lako iko kitabuni. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zirudie.

Za mbele nakupa njia mbili. Ya kwanza ni kununua iliyokwisha kuunganishwa: shokapu, springi na kikombe chake cha juu, kitu kimoja. Ni ghali zaidi, lakini ile nati ya katikati huigusi kabisa. Ya pili ni kuvua nyumbani kitu kizima kama kilivyo, ukipeleke gereji yenye mashine ya kubana springi, wakubadilishie, urudi ukafunge mwenyewe. Mimi ningechukua ya pili, kwa sababu springi zako huenda bado ni nzima na hakuna haja ya kuzitupa. Kuvua kwenyewe si kazi ngeni kwa mtu aliyemaliza za nyuma: chomoa kishikio cha mpira wa breki na waya wa ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki), toa linki ya stabilaiza, fungua boliti mbili kubwa chini na nati ndogo za pembeni huko juu. Narudia, za pembeni. Kabla ya kufungua boliti za chini chora alama ya rangi uone zilivyokaa, na habu, kitovu ambacho gurudumu hufungwa, uiegemeze au uifunge kwa waya isining'inie kwenye mpira wa breki. Ukishafunga, nenda ukafanyiwe alaimenti, yaani kunyooshewa matairi, kwa kuwa boliti zile zikisogea hata kidogo tairi linalala upande. Usiponisikia, matairi ndiyo yatakayokulipisha.

Zile kuukuu usizikate kwa msumeno wala kuzitupa kwenye moto, zina gesi yenye shinikizo na oili. Wapelekee wanaopokea vyuma chakavu, uwaambie ni nini.

Kwa hiyo Jumamosi hii usifanye zote nne. Fanya nyuma, uendeshe wiki moja, usikilize. Kama ule mlio utabaki, tutajua ulikuwa unatoka mbele, na huenda tukakuta ni linki tu. Kabla hujalipia chochote nipigie picha mbili: moja shokapu ya nyuma ilivyokaa pamoja na springi yake, nyingine juu kule ndani ya buti kapeti likiwa limefunuliwa. Nitumie na mwaka wa gari na namba ya chesi, nikusaidie kutafuta namba sahihi ya shokapu, maana magari ya jina moja hutofautiana.

Wasalimie wote.

Rafiki yako