Barua ya Wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Tumia Ibara ya 29, Mpaka wa Burundi na Rwanda Ufunguliwe

Kabanga, Ngara
Septemba 2025

Mheshimiwa Veronica Nduva,
Katibu Mkuu, Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Nakuandikia kuhusu mpaka ambao si wa nchi yangu. Januari 2024 serikali ya Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na ulipoapishwa Juni mwaka huo uliukuta umefungwa. Hadi leo Kanyaru hapapitiki, Gasenyi-Nemba hapapitiki, Ruhwa hapapitiki. Nchi zote mbili ni wanachama wa Jumuiya unayoisimamia. Ombi langu limo ndani ya Mkataba wetu wa 1999, kwenye Ibara ya 29, na nitalifikia.

Kwanza nikueleze kwa nini mtu wa Ngara analisemea jambo hili. Wilaya yetu inapakana na nchi zote mbili. Huku Kabanga tunatazamana na Kobero ya Burundi, na upande wa pili wa wilaya kuna daraja la Rusumo la kuingilia Rwanda. Tangu mpaka wao ulipofungwa, watu wa nchi hizo mbili wanaopita kwa barabara wanapitia kwetu. Mtu anatoka Rwanda, anavuka Rusumo, anapanda hadi njia panda ya Nyakasanza, anakuja Ngara mjini, anashuka Kabanga, ndipo anaingia Burundi. Mimi nina mgahawa hapa stendi. Wateja wameongezeka, na siku mpaka wao ukifunguliwa watapungua. Naomba ufunguliwe.

Mapema mwaka huu aliingia mgahawani mama mmoja mkazi wa Bugesera, Rwanda. Kwao alikozaliwa ni Kirundo, Burundi. Ukitazama ramani, Bugesera na Kirundo zimeshikana, na mpaka ulipokuwa wazi mtu alivuka Nemba asubuhi na mchana akawa kwao anakula. Baba yake alikuwa amefariki. Mama huyu alikuwa amefunga kitenge juu ya gauni la safari, na mkononi alikuwa na hati mpya kabisa ya kusafiria. Rusumo alibadili faranga za Rwanda kuwa shilingi, na sasa alikuwa akiulizia wabadilisha fedha wa hapa ili apate faranga za Burundi. Aliagiza chai ya maziwa. Kabla hajainywa, simu ikaita. Kihangaza chetu na lugha yake havihitaji mkalimani, kwa hiyo nilisikia aliyoambiwa na aliyojibu: wamemaliza kuzika, mwili haukuweza kusubiri zaidi. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza gari la Kobero linaondoka saa ngapi, kwa sababu mama yake mzazi bado alikuwa hai na alipaswa kumwona.

Siandiki haya ili kuchagua upande. Burundi ina uchungu wa kweli. Tarehe 22 Desemba 2023 watu 20 waliuawa Vugizo, karibu na Gatumba, wakiwemo watoto. RED-Tabara, kundi la waasi wa Burundi, lilisema ndilo lililoshambulia, ingawa lilidai limeua askari. Bujumbura ikasema Rwanda ndiyo inayolilea kundi hilo, Kigali ikakana, na wiki chache baadaye mpaka ukafungwa. Serikali iliyozika watoto haiwezi kuambiwa tu itulie. Rwanda nayo ilijibu kwamba uamuzi huo ni wa upande mmoja na unakwenda kinyume cha misingi ya Jumuiya. Kila mmoja ana faili lake, na faili hizo ni za zamani: jaribio la mapinduzi la Mei 2015 Bujumbura wakati Rais Nkurunziza yuko mkutanoni Dar es Salaam, wakimbizi wa Burundi waliofunguliwa kambi ya Mahama, Rwanda, mwaka huohuo, marufuku ya Burundi ya 2016 ya kupeleka chakula Rwanda. Mpaka uliwahi kufunguliwa tena 2022. Watu wakapumua kwa muda usiofika miaka miwili.

Lakini tazama ramani tena, Mheshimiwa. Gatumba iko magharibi ya Bujumbura, mpakani na Kongo. RED-Tabara kwa miaka mingi wamekuwa na ngome zao Kivu Kusini. Wapiganaji waliofanya mauaji yale hawakupanga foleni Kanyaru kugongewa mihuri. Mpaka uliofungwa ni wa muuza maharage, wa mwanafunzi, wa mgonjwa mwenye daktari wake Kigali, wa kijana aliyeoa ng'ambo. Mwenye bunduki hupita msituni, naye hajawahi kuhitaji kituo cha forodha. Kama sababu ya kufunga ni usalama, basi tuonyeshwe usalama ulioongezeka. Tangu hapo vita vya mashariki ya Kongo vimezidi, Goma na Bukavu zimeangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Februari mwaka huu makumi ya maelfu ya Wakongomani wamekimbilia Burundi, wengine wakivuka mto Rusizi kwa hatari kubwa. Kufuli la Kanyaru halikuzuia hata moja ya hayo.

Wapo watakaosema hizi ni nchi mbili zenye mamlaka kamili na kila moja ina haki na mlango wake. Ni kweli, ila mlango huu ziliufungua zenyewe kwa sahihi zao. Burundi na Rwanda zilipata uhuru siku moja, tarehe 1 Julai 1962, na hadi 1964 zilikuwa bado na benki moja iliyotoa faranga moja. Zikaingia kwenye Jumuiya pamoja, siku moja, tarehe 1 Julai 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara ya 7 ya Itifaki hiyo inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kwenda nchi nyingine mwanachama. Inaruhusu haki hiyo iwekewe vizuizi kwa sababu za usalama wa umma, afya ya umma au sera ya umma, na inaitaka nchi inayoweka kizuizi izitaarifu nchi nyingine. Je, taarifa hiyo iliandikwa? Inasema nini kuhusu muda? Inatenganisha vipi mtu wa msibani na mtu wa vita? Sisi wananchi hatujawahi kuiona, na ofisi yako ndiyo inayoweza kutujibu.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo natamani kila kiongozi wa eneo hili alione. Maporomoko ya Rusumo yana mtambo wa umeme wa megawati 80. Ni mali ya nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi, na mgao ni sawa kwa sawa. Maji ya Ruvubu, yanayotoka Burundi, yanakutana na Akagera karibu kabisa na hapo, na umeme wake unasafiri kwa nyaya kwenda nchi zote tatu. Wahandisi wa nchi hizo waliweza kukaa meza moja, wakagawana gharama na megawati. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba Gitega na Kigali haziwezi kuendesha kitu pamoja wakati zimenuniana. Wameweza kwa mtambo. Waweze kwa watu.

Sasa Ibara ya 29. Inasema kwamba Katibu Mkuu akiona nchi mwanachama imeshindwa kutimiza wajibu wake chini ya Mkataba, atawasilisha alichokibaini kwa nchi hiyo ili itoe maelezo. Ikipita miezi minne bila maelezo, au maelezo yasiporidhisha, Katibu Mkuu anapeleka shauri kwa Baraza la Mawaziri, nalo linaamua ama liende Mahakama ya Afrika Mashariki au litatuliwe na Baraza lenyewe. Baraza likishindwa kulitatua, linapaswa kuagiza lipelekwe mahakamani. Ibara ya 71 nayo inairuhusu Sekretarieti kuchunguza kwa hiari yake jambo lolote linaloigusa Jumuiya, bila kusubiri kutumwa na mtu.

Najua Mkutano wa Wakuu wa Nchi huamua kwa makubaliano ya wote, na Katibu Mkuu hawezi kumwamuru rais. Barua ya Ibara ya 29, hata hivyo, haihitaji ridhaa ya mkutano huo. Inahitaji sahihi yako. Raia wa kawaida hawezi kuifanya kazi hiyo badala yako: Ibara ya 30 inamtaka afungue shauri ndani ya miezi miwili, na miezi hiyo iliisha zamani wakati wauza mihogo wa Kirundo wakiamini mpaka utafunguliwa wiki ijayo. Kwenye Ibara ya 29 hakuna kikomo hicho cha miezi miwili.

Tusirudie ya Gatuna. Mpaka wa Rwanda na Uganda ulifungwa pale Februari 2019, na malori hayakupita kama kawaida hadi mwisho wa Januari 2022. Hati ya maelewano ya nchi hizo mbili ilisainiwa Luanda, Angola ikiwa mpatanishi, na mwishoni mambo yakalainika kwa ziara ya jenerali mmoja Kigali. Mwaka huu tena, ugomvi wa Kongo na Rwanda, wanachama wetu wawili, umepelekwa kusainiwa Washington, na wa Kongo na M23 uko Doha. Nashukuru kila anayezima moto. Ila inaniuma kwamba Arusha, yenye mkataba, baraza na mahakama, ndiyo inayosikia habari mwisho. Tena kwenye meza hizo za mbali wanazungumza madini na majeshi. Asiyekuwepo na lake halipo, na mama wa Bugesera hayupo Doha.

Tunasikia kwamba mapema mwaka huu maafisa wa Burundi na Rwanda walikutana kuzungumzia usalama. Ni jambo jema, waendelee. Wakati wao wanaendelea, iandikie serikali ya Burundi chini ya Ibara ya 29, na uiulize Rwanda pia inatoa dhamana gani juu ya wanaotuhumiwa kuivuruga Burundi, maana mlango hautakaa wazi kama jirani mmoja anaogopa. Omba hatua ya kwanza iwe ndogo inayoweza kufanyika mwezi huuhuu: Kanyaru na Nemba zifunguliwe kwa miguu, mchana tu, kwa wafiwa, wagonjwa, wanafunzi na wachuuzi wadogo wanaoishi kandokando ya mpaka, kwa vitambulisho vyao na ukaguzi wowote ambao askari wa pande zote wataona unafaa. Malori yanaweza kusubiri. Na tuma watu wa Sekretarieti wakakae siku kadhaa Kirundo, Kayanza, Huye na Bugesera, wasikilize, waandike walichokiona, na ripoti yao itangazwe kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda ili anayeandikwa aweze kuisoma.

Watu hao wakipitia Kabanga, waulize mgahawa wa stendi. Nitawaonyesha gari la Kobero na nauli yake, na nitawaeleza gharama ya safari hii kwa mtu anayelala Bugesera na mama yake yuko Kirundo.

Wako katika ujenzi wa Jumuiya,

Mfanyabiashara wa stendi,
Kabanga, Ngara.