Mchango wa Paa la Chumba cha Usuluhishi

Ndugu, jamaa na marafiki,

Tunabisha hodi tena, na haya tunaona. Juzi tu tuliwaomba viti, mkatoa bila maneno mengi. Viti vipo; kazi yake siku hizi ni kuhamishwa huku na huku kukwepa matone.

Paa limetoboka. Na kuvuja ni afadhali. Mvua ikipiga mabati yasiyo na dari, mtu hasikiki mpaka apaze sauti, na kupaza sauti ndiko kulikowaleta wengi hapa. Majuzi ndugu wawili wanaovutana kuhusu urithi walijikuta wamebanwa kwenye kona kavu pamoja na watu waliokuwa wakingoja zamu. Siri ya kikao ikaishia hapo. Mmoja akanyanyuka, hajarudi.

Wasuluhishi wetu hawahukumu. Kwanza kila mmoja wa wanaovutana hukaa kando, avute pumzi na kuitoa polepole zaidi, moyo upunguze mbio (wapo wanaolicheka zoezi hili, na mwenyekiti wetu alikuwa wa kwanza). Ndipo mmoja aseme bila kukatizwa, na mwenzake arudie alichosikia mpaka msemaji akubali kwamba ndivyo alivyosema. Katiba ya UNESCO ya mwaka 1945 inasema vita huanzia katika fikra za wanadamu, hivyo humo ndimo kinga ya amani ijengwe. Nasi tunaanzia humo, ila wenye fikra hizo wanalowa.

Injili inasema heri wapatanishi. Kurani inaamuru tupatanishe ndugu zetu. Tuambizane basi: wapo waliorudi kusalimiana kwa sababu ya chumba hiki, na leo wakipita mlangoni wanaangalia saa. Majina hatutaji, siri ni siri. Hata bahasha isiyo na jina tunapokea.

Tunahitaji mabati, mbao, dari na ukuta wa kugawa chumba, ili wanaosubiri wasisikie ya wenzao. Fundi ameshasamehe nusu ya ujira wake. Kila mtoaji atapata risiti. Hesabu zitabandikwa ubaoni na kusomwa mbele ya wote. Kikibaki kitu, kitasomesha vijana usuluhishi.

Tunataka kazi iishe kabla ya Siku ya Kimataifa ya Amani, 21 Septemba. Usiye na fedha, lete misumari au njoo ubebe mbao. Mweka hazina hupatikana baada ya kila kikao.

Ni sisi,
Kamati