Jumamosi Kondele: mje na antena zenu

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tunakutana pale pale Kondele, saa tatu kamili asubuhi. Chajini NanoVNA, kile kifaa kidogo cha kupimia antena, usiku, maana stima si ya kutegemea.

Mara iliyopita tulipoteza saa nzima kwa kosa moja. Tulifanya kalibresheni (kukisawazisha kifaa kabla ya kupima) kwenye kifaa chenyewe, kisha tukaunga kebo ya mita tano. Kebo hiyo ilikuwa inakula mawimbi yakienda na yakirudi, kwa hiyo antena mbovu ikaonekana nzuri. Safari hii: ungeni kebo kwanza, halafu wekeni vile vifuniko vitatu vya kalibresheni, yaani cha wazi, cha shoti na cha mzigo wa omu 50, kwenye ncha ya kebo, pale antena itakapokaa.

Tutaanza na antena ya robo wimbi ya 145 MHz. Kateni waya wa shaba wa sentimita 52, tutapunguza kidogo kidogo huku tukitazama bonde la S11 (mchoro wa mawimbi yanayorudishwa na antena) likihamia kulia. Likifika −10 dB, ni sehemu moja tu ya kumi ya nguvu inayorudi. Mimi nataka tufike −20. Muda ukibaki, tutapima kichujio kwa S21, yaani mawimbi yanayopita hadi upande wa pili.

Mkifunga viunganishi, zungusheni nati peke yake, mwili wa kiunganishi utulie. Pini ya katikati huchakaa haraka.

Na tafadhali sana, mtu asiunganishe redio inayorusha kwenye kifaa hiki. Itakiua papo hapo, na tunacho kimoja tu.

Nani ana solda ya ziada? Aseme hapa.