Vijana wa Lamu wasiitwe siku ya picha tu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu vijana wetu hapa Lamu, wale wa kushinda maskani kutwa, wengine washaingia kwenye unga, yaani dawa za kulevya, na watu wanawaita mateja hata mbele ya mama zao. Ikifika siku ya mazingira ndio wanakumbukwa, wanapewa tisheti na soda, wanapanda mikoko, picha zinapigwa, boti zinaondoka na kesho kijana yuko palepale. Hiyo si kazi jamani, na miche mingi inakufa manake inachomekwa popote penye tope na hakuna wa kurudi kuiangalia.

Wengi wa hawa ni watoto wa wakata boriti za mikoko. Serikali iliposimamisha ukataji miti 2018 nyumba nyingi ziliyumba, lakini ujuzi haukupotea, muulize kijana aliyekua akienda msituni na babake atakwambia kila aina ya mikoko ina mahali pake, mlilana unakaa mbele kabisa baharini, nyuma yake mkoko wenyewe, halafu muia na mkandaa, na kule juu kwenye chumvi ni mchu. Sasa mtu anajua yote haya, kwanini abebeshwe miche tu bila kuulizwa ipandwe wapi?

Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kwetu. Wenzetu wa Gazi kule Kwale, kupitia mradi wa jamii wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, wanauza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa hewa hiyo inayofyonzwa na mikoko yao, na msitu wao uliomo kwenye mradi ni hekta 117 pekee, lakini pesa zimewaletea maji na kusaidia shule. Wallahi naumia nikifikiria sisi.

Ombi langu kwa kaunti na mashirika ni hili, acheni kununua miche mbali, wapeni vijana vitalu waoteshe wenyewe, na walipwe tena kwa kila mche ulio hai baada ya mwaka, hapo hakuna atakayepanda ovyo. Na wanaotoka kwenye unga msiwaache nje, kazi ya kuamkia kila siku inamsaidia mtu kuliko semina. Kuna wengine kitambulisho hawana mpaka leo, kwa hivyo kikundi hakisajiliwi wala akaunti ya benki hawafungui, chifu awasaidie kwanza hapo. Na kwenye kamati za misitu za jamii wapewe viti vya kuamua, si kutumwa maji ya chupa.

Mzazi,
Langoni, Lamu