Risala ya Vijana kwa Mgeni Rasmi, Jumapili ya Kwanza ya Majilio: Mafuta ya Akiba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, wazazi wetu na vijana wenzetu, Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya vijana wa ushirika huu wa Moravian hapa Mbeya, tunasema karibu sana. Umefika wakati mvua zimeanza na watu wanapanda mahindi. Majilio ya kwetu, yaani majuma ya kungojea Krismasi, huangukia msimu huo, na mkulima yeyote hapa anajua kwamba mbegu na mbolea ya kupandia hutafutwa kabla mawingu hayajafunga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu tumejifunza habari ya kukesha, kumngoja Bwana anayerudi. Tulianzia Mathayo 25, kwa wanawali kumi waliochukua taa kwenda kumlaki bwana arusi, watano wenye busara na watano wapumbavu, na mstari wa tano ulitushtua: bwana arusi alipokawia, wote kumi walisinzia wakalala. Wenye busara nao walilala! Kwa hiyo kosa la wale watano wapumbavu halikuwa usingizi. Walikosa mafuta ya akiba. Tunasema haya kwa heshima, kwa sababu siku hizi mtu akikesha kanisani hadi alfajiri, kisha Jumatatu akasinzia darasani au akamjibu mama yake vibaya, huhesabiwa kuwa yuko tayari.

Waliokua na kandili wanaelewa. Mafuta yakiisha, taa haizimiki papo hapo. Utambi uliolowa huendelea kuwaka kidogo, kisha huanza kuungua wenyewe, moshi unatoka na kioo kinakuwa cheusi. Kwa mbali bado unaona mwanga. Ndivyo mtu anavyoweza kuongoza kwaya miezi mingi huku sala yake ya faragha ilishakauka.

Mafuta hayo huwekwaje? La kwanza ni Neno. Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 52 zinakufikisha mwisho kamili, na siku mbili zinabaki za kufidia ulizoruka. Wengi hushindwa kwa sababu mbili. Ama huanza Januari na Mwanzo kwa kasi, wakakwama Walawi, ama hukimbilia Ufunuo kabla ya Injili, wakaanza kuhesabu pembe za mnyama. Tunashauri kuanza na Marko, yenye sura 16 tu, kisha nyaraka mbili kwa Wathesalonike, zenye sura nane kwa jumla. Humo Paulo anaeleza kurudi kwa Bwana, na humo humo anawakemea walioacha kazi: asiyetaka kufanya kazi, asile.

La pili ni zamu ya sala. Wazee wetu wa imani kule Herrnhut, Ujerumani, mwezi Agosti 1727 waliweka watu 24 wanaume na 24 wanawake, kila mmoja akashika saa yake katika siku, na zamu hiyo ikaendelea zaidi ya miaka mia moja. Wamisionari walioanzisha kituo cha Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa lenye desturi hiyo. Kwa kikundi kidogo, usiku mmoja unatosha. Anzeni Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumamosi saa 12 asubuhi, watu 24, nusu saa kwa kila mmoja, kila mtu akiombea nyumbani kwake ili mabinti wasitembee usiku. Zamu huvunjika kati ya saa nane na saa kumi usiku. Hapo ongezeni mtu wa pili katika kila zamu, na anayemaliza asilale mpaka amempigia simu anayefuata na kusikia sauti yake. Ujumbe hautoshi, maana aliyelala hausomi.

La tatu halipendwi sana, nalo ni kurudisha vya watu. Chukua daftari, andika unachodaiwa, na nani, na tangu lini: fedha ya kikoba, jembe la jirani, maneno uliyomsingizia mtu. Hesabu 5 inaagiza kurudisha kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano. Aliyekula 50,000, hapo ni 60,000. Mwenye mali akiwa amefariki, hupewa ndugu yake wa karibu. Kutubu madhabahuni huku jembe la mtu liko nyuma ya nyumba yako ni kuongeza moshi.

Tunatamka pia hatari kwa uwazi. Siku na saa hakuna aijuaye, hata malaika, ila Baba peke yake. Lakini tarehe zimeshatangazwa. Kule Marekani watu walingoja Bwana arudi tarehe 22 Oktoba 1844, na wapo wakulima walioacha viazi ardhini bila kuvuna. Hilo mtu wa Nyanda za Juu Kusini analielewa bila kufafanuliwa. Karibu na sisi mambo yalikuwa mabaya zaidi: Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kundi lililotangaza mwisho wa dunia waliteketea, na Shakahola, Kenya, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge hadi kufa. Mwalimu akikutajia tarehe, akikukataza hospitali au shule, akitaka uuze shamba, au akikutenga na wazazi, usisubiri dalili ya pili. Ondoka, umwambie mchungaji na serikali ya kijiji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi matatu. Tunaomba nakala 40 za Agano Jipya kwa wasio na Biblia. Tunaomba kila robo mwaka tupate kipindi cha maswali na mchungaji, maana vijana wengi huuliza habari za siku za mwisho kwenye simu kabla ya kuuliza kanisani. Na tunaomba wazee watufundishe zaidi maana ya ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini, iliyoanza Herrnhut mwaka 1732. Wengi wetu tungeihudhuria tukijua kwa nini tunasimama kwenye baridi ile kati ya waliolala, tukitazama mashariki.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi vijana wa ushirika.