Abiria wa daraja la tatu wa MV Bukoba nao waandikwe majina

Mhariri,

Kila mwaka ikikaribia tarehe 21 Mei huwa nasoma habari za MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria siku hiyo mwaka 1996, katika magazeti, lako likiwemo, na kila mwaka idadi ya marehemu inabadilika. Huyu anaandika zaidi ya 800, yule karibu 1,000. Siwalaumu waandishi. Orodha ya meli ile ilionyesha abiria 443, wote wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Meli yenyewe ilijengwa kubeba abiria 430, maana yake walioandikwa peke yao walikuwa wameshapita uwezo wake kabla hujamhesabu hata mtu mmoja wa daraja la tatu.

Kaka yangu alikuwa wa daraja la tatu.

Vijana wanaopita leo Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, hawawezi kujua Kagera ya mwaka 1996 ilivyokuwa. Kwenda Mwanza kwa barabara kulikuwa mateso: Biharamulo, Geita, vumbi au tope kutegemea msimu, kisha foleni ya kivuko Busisi. Mtu mwenye mzigo alipanda meli. Ilitoka Bukoba jioni, ikapitia hapa kwetu Kemondo kuchukua watu na ndizi, ikatembea usiku kucha, na asubuhi mko Mwanza. Wachuuzi wa ndizi walilala kando ya mikungu yao. Tiketi ya daraja la tatu ndiyo waliyoimudu, na hata wangekuwa na fedha wasingekwenda kulala kitandani na kuuacha mzigo.

Kaka aliifanya kazi hiyo kwa sababu ya watoto wa dada yetu. Dada alikufa kwa UKIMWI, ule ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini katika mkoa wetu mwaka 1983, na mumewe alishamtangulia. Nyumba za namna hiyo zilikuwa nyingi Kagera: wazee na wajomba wakilea yatima. Jumatatu ile, tarehe 20 Mei, aliwapanga watoto ukutani akawapima nyayo kwa kamba ya mgomba, akakata kila kipande kwa urefu wa mguu wake na kukifunga fundo la kumtambulisha mwenyewe. Viatu vya shule vilikuwa bei nafuu Mwanza. Akavitia vile vipande kwenye mfuko wa shati, akaenda bandarini.

Jumanne tulisikia redioni. Meli ilikuwa imepinduka ikiwa karibu kabisa kufika, eneo la Bwiru. Waliokuwepo wamesimulia mara nyingi, na mimi siwezi kuyaongezea: sehemu ya meli ilibaki juu ya maji ikiwa kifudifudi, watu walisikika wakigonga kutoka ndani, bati likatobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, meli ikazama. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Baba mdogo alisafiri hadi Mwanza, akazunguka Uwanja wa Nyamagana kati ya miili iliyolazwa pale, akitafuta shati. Alirudi mikono mitupu, na mpaka anafariki hakuwahi kutuhadithia aliyoyaona uwanjani.

Wasiotambuliwa walizikwa kwa pamoja Igoma, Mwanza. Huko ndiko tunakokwenda kumwombea, bila kujua kama yumo humo au yumo ziwani.

Lililotuumiza zaidi lilikuja baadaye. Mjane wake alipokwenda katika ofisi moja kutafuta karatasi ya kuthibitisha kifo, ili apate haki ya shamba na ya watoto, aliambiwa alete uthibitisho kwamba mumewe alikuwa ndani ya meli. Alete tiketi. Mhariri, tiketi ilikuwa mfukoni mwa marehemu! Yule mama alirudi nyumbani akakaa chini ya mgomba, na kwa muda mrefu hakutaka kusikia habari ya ofisi yoyote. Aliyekuwa na kitanda kwenye meli aliacha jina lake kwenye karatasi. Aliyelala kwenye mikungu ilibidi ndugu zake wabishane na serikali kwamba aliwahi kupanda.

Ningekuwa nimeshanyamaza kama jambo hili lingebaki la mwaka 1996. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika ziwa hilo hilo kikiwa karibu kufika kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na uwezo wa watu 101. Waliokufa ni 228 na walionusurika ni 41. Hesabu hiyo ilipatikana kwa kuopoa miili mmoja baada ya mwingine na kuwaongeza waliotoka hai, kwa kuwa hapakuwa na orodha nchi kavu iliyosema nani kapanda. Nakiri kwa shukrani kwamba safari ile wazamiaji walimtoa fundi wa kivuko akiwa hai baada ya siku mbili ndani ya chombo kilichopinduka. Niliposikia habari hiyo nililia kama mtoto, nikiwafikiria wale waliogonga bati Bwiru.

Zanzibar nako, baada ya MV Spice Islander kuzama Septemba 2011, miili iliyoopolewa ilikuwa 203. Lakini taarifa ya Januari 2012 ilitaja waliokufa na waliopotea kuwa 1,573. Idadi ile inatisha, ila naiheshimu, kwa sababu waliopotea wamehesabiwa. Kule mtu hakuhitaji kuonekana maiti yake ndipo ikubalike kwamba amekufa. Sisi wa Ziwa Victoria tunaomba hivyo hivyo.

Tarehe 21 Mei 2026 ni miaka 30 kamili. Naomba serikali za mikoa ya Kagera na Mwanza zitangaze mahali pa kupeleka majina ya waliosafiri daraja la tatu. Kazi hii haihitaji wataalamu kutoka mbali. Mwenyekiti wa kijiji anajua ni nyumba zipi hazikurudishiwa mtu. Parokia na misikiti wanakumbuka waliosomewa misa na dua bila jeneza. Shule zetu zina madaftari ya mahudhurio ya wanafunzi walioachwa na wazazi wao wiki ile. Ifanyike mapema, maana mashahidi ni akina mama wa miaka 80 na zaidi, na kila masika tunawazika.

Meli mpya ya MV Mwanza imejengwa kwa ajili ya abiria 1,200. Naifurahia. Ninachotaka ni kwamba kila mmoja wa hao 1,200, awe amelipia kitanda au benchi, aandikwe jina na kijiji chake, na nakala ya orodha hiyo ibaki bandarini kabla kamba haijafunguliwa.

Katika karatasi ya pili iliyo ndani ya bahasha hii nimeandika majina ya watu wa kijiji chetu waliopanda Kemondo jioni ile na hawakurudi. Nimeyakusanya nyumba kwa nyumba, na familia zao zimekubali. La kaka yangu ni la nne. Usiyachapishe sasa hivi, na la kaka usilichapishe peke yake. Yahifadhi, na vijiji vingine vikileta ya kwao, yatoke yote siku moja, kwa herufi zenye ukubwa mmoja.

Mwalimu mstaafu,
Kemondo, Bukoba Vijijini